Mbugani Unakwenda na Mgongo na Kibofu

Kampuni moja niliyowahi kuiendeshea gari ilikuwa na fomu ya kuwajazisha wageni kabla ya safari. Sehemu ya afya ilikuwa na swali moja tu: una uwezo wa kutembea mwendo mrefu? Mgeni akijaza ndiyo, ofisi imeridhika. Mimi nimebeba watalii huku kaskazini miaka kumi na mbili, na sikumbuki mgeni wa Serengeti aliyeshindwa kwa sababu ya kutembea. Atatembea wapi? Hifadhini huruhusiwi kushuka garini isipokuwa sehemu zilizotengwa. Unaamka, unakaa, unatikiswa, unakula, unakaa tena mpaka jua lizame. Hicho kikao ndicho kinachowashinda watu, na hakuna anayewaambia wajiandae nacho.

Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni kama kilomita 320. Hadi lango la Loduare, unapoingia Ngorongoro, ni lami, hata kusinzia unasinzia. Baada ya hapo ni vumbi, na ukishateremka upande wa pili kuelekea Naabi, lango la Serengeti, barabara ina migongo kama bati. Ukienda taratibu inakutikisa mfupa mmoja mmoja. Ukikaza mwendo gari linapita juu juu, lakini usukani nao unakuwa mwepesi kwa namna isiyopendeza. Sisi madereva huwatania wageni kuwa hiyo ni masaji ya bure. Wenye matatizo ya diski za mgongo hawacheki.

Niliwahi kumbeba kijana mmoja mwenye mwili wa mkimbiaji, na kweli alikuwa mkimbiaji. Asubuhi ya siku ya pili alishindwa kuinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amechagua kiti cha nyuma kabisa, kilicho karibu na ekseli, ambako kila shimo linafika na nguvu zake zote. Tulimsogeza mbele, tukamwekea mto kiunoni, akawa na nafuu. Tangu hapo mwenye mgongo mbaya namkalisha mbele hata kama mwenzake atanuna.

Mgongo lakini watu hawaoni aibu kuusema. Kibofu ndicho kinachofichwa. Mwaka mmoja nilimbeba mwalimu mstaafu na mkewe kutoka Dodoma, watoto wao wamewalipia. Mama alikuwa mchangamfu mpaka Karatu, kisha akaanza kunyamaza. Tulipofika Naabi midomo imekauka, kichwa kinamgonga, anasema labda ni homa. Nikatazama chupa ya maji niliyompa asubuhi: imejaa vilevile. Nikamuuliza, mama, mbona hujanywa? Akanivuta pembeni mumewe asisikie. "Mwanangu, nikinywa nitataka kuchimba dawa kila saa. Nitakusumbua."

Alikaa na kiu njia nzima, juani, vumbini, kwa kuniogopa mimi. Na si yeye peke yake. Wazungu wanafanya hivyohivyo, wanawake hasa, maana mwanamume akisimama nyuma ya gari kazi imeisha. Kuumwa kichwa na kulegea kwa siku ya tatu, kunakosingiziwa kila mara jua au chakula cha kambini, mara nyingi nimekuta chanzo chake ni chupa iliyojaa.

Kwa hiyo ukiniuliza mazoezi ya kwenda mbugani, sitakutuma ukakimbie. Kaa kwenye kigoda kifupi, simama bila kushika kitu, rudia mpaka mapaja yaseme. Land Cruiser za utalii ziko juu, na kwa siku utapanda na kushuka mara nyingi kuliko unavyodhani. Paa likifunguliwa unasimama muda mrefu gari likitembea, na magoti ndiyo springi zako. Jifunze pia kuchuchumaa. Aliyekulia kwenye choo cha shimo hapa ana faida kubwa, simtanii. Ukilala kwenye hema ongeza baridi ya ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ambako mtu wa Dar anahema kwa ngazi kumi tu na kudhani moyo umeharibika. Ni hewa tu, apande polepole.

Sisemi miguu haina kazi popote. Ukienda hifadhi za Gombe au Mahale kutafuta sokwe, utapanda milima yenye utelezi na sokwe hawakusubiri. Kushuka kreta ya Empakaai kwa miguu ni raha, kuipanda ni habari nyingine. Mlima Meru una mita 4,566 na unakuuliza maswali yote. Tatizo ni kwamba mtu akisikia "safari" anavirundika vyote pamoja na Kilimanjaro. Matokeo yake shangazi zetu wenye miaka 65, wenye sukari, wenye magoti yanayolia, wanabaki nyumbani wakiamini simba ni wa watu wenye nguvu. Shangazi, kama unaweza kusafiri na basi kutoka Dar mpaka Mwanza na ukafika, Ngorongoro unaimudu. Beba dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye begi lililofungwa juu ya gari.

Wapo ambao ningewakataza njia ya gari kabisa: mjamzito wa miezi mingi, au aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo juzi. Huyo kama fedha ipo apande ndege ndogo hadi Seronera. Kama haipo asubiri. Ofisi nyingi hazitamwambia hivyo, maana zinataka malipo ya awali.

Siku hizi kabla hatujawasha gari Arusha nawatajia wageni vituo vyote vya choo kwa mpangilio: Makuyuni, Mto wa Mbu, Karatu, Loduare, Naabi. Kisha nawaambia katikati ya hapo yeyote akisema "dawa", nikipata mahali salama nasimama, na hakuna kuuliza dawa ya nini. Huwa wanacheka, halafu wanakaa kimya, kila mtu anaona aibu kuwa wa kwanza. Basi tukipita Makuyuni kidogo nasimama mimi mwenyewe, nashuka, naenda nyuma ya mgunga. Nikirudi nakuta chupa zimeshafunguliwa.