Imefika Asilimia 19, Msiiguse

Jina la Fundi Sifuri sikujipa mwenyewe. Nililipata Julai moja hapa Kabwe, Mbeya, mwezi ambao baridi inashuka kutoka Loleza na mtu anavaa sweta mbili ndipo ashike bisibisi.

Chama kimoja cha akiba na mikopo kiliniletea kompyuta sita za mezani, kinataka kuzigawa kwa shule. Mhasibu wao alikuwa na sharti: taarifa za wanachama zifutwe zisirudi tena, na apewe karatasi ya kuthibitisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilishaanza kufanya kazi tangu Mei 2023, na yeye hakutaka deni la mwanachama lije kusomwa na mtoto wa kidato cha pili. Akaongeza: "Fundi, pitisha mara thelathini na tano. Nimesoma."

Hiyo 35 ni ya Peter Gutmann, mtaalamu wa usalama wa kompyuta. Mwaka 1996 alikusanya mipangilio ya kufutia diski za aina zote za zama zile, za MFM na za RLL (njia za zamani za kuandika data kwenye diski), ndiyo maana hesabu ikawa ndefu. Baadaye yeye mwenyewe akalalamika kwamba watu wanaitumia kama uganga wa kufukuzia mapepo. Nikampigia mhasibu hesabu. Diski ya kuzunguka ya GB 500 ikiandikwa kwa wastani wa MB 80 kwa sekunde, kuipitia mara moja ni saa moja na dakika 45 hivi. Mara 35 ni saa 61. Umeme ukikatika saa ya 60, programu haikumbuki ilipoishia, unaanza moja. Kwa diski za leo, kuandika sifuri mara moja kisha kuzisoma kuhakiki kunatosha, na hata mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ule wa 800-88 wa mwaka 2014, unakubali hivyo. Mhasibu akakubali kwa shingo upande.

Kwa programu za kufutia diski, wengi wanaijua DBAN, lakini toleo lake la mwisho, 2.3.0, ni la mwaka 2015. Mimi natumia ShredOS, nayo ni ya bure, na ndani yake kuna nwipe, mtoto wa programu ileile iliyokuwa ndani ya DBAN. Unaiandika kwenye flashi, kompyuta inabuti kutoka humo, kisha mfumo mzima unahamia kwenye RAM, kumbukumbu ya muda ya mashine. Ikishawaka, flashi unaichomoa na kuipeleka mashine ya pili.

Kompyuta ya sita niliitenga kwa sababu ilikuwa na SSD, diski isiyozunguka. Humo ukiandika sifuri juu kwa juu, kuna vyumba vya akiba ambavyo SSD inavificha na huwezi kuvifikia. Dawa ni kuiamuru ijifute yenyewe kwa hdparm, programu ya Linux ya kuongea na diski. Nilipoikagua ikanijibu "frozen", yaani imeganda. Mbeya, Julai, nani hajaganda? Nikailaza kompyuta usingizi sekunde chache, nikaiamsha, ikakubali.

Zilibaki tano, na skrini ninayo moja. Kuihamisha kila mara ili nichague diski, njia, kisha nianzishe, nikaona ni usumbufu. Nikafungua grub.cfg, faili la maelekezo ya kuwashia mfumo, kwenye flashi (yapo mawili, moja kwenye boot/grub na jingine kwenye EFI/BOOT, ukibadilisha moja tu, mashine nyingine zitakutii na nyingine zitakushangaa) nikaongeza kwenye mstari wa kernel:

nwipe_options="--autonuke --method=zero --verify=last --nousb"

Kwa Kiswahili cha nyumbani: ukiwaka tu, usimuulize mtu, futa kila diski unayoiona, andika sifuri, soma uhakiki, ila vitu vya USB usiviguse. Hilo la mwisho ni la kuilinda flashi yenyewe isijimeze. Flashi ya shilingi elfu kumi niliifikiria. Binadamu sikuwafikiria.

Kazi ilikwenda vizuri mno, saa tatu na nusu kwa mashine zote tano kwa pamoja, kuandika na kuhakiki. Nwipe ikimaliza inatoa cheti cha PDF kwa kila diski, chenye modeli, namba ya diski, muda na matokeo. Ukirudisha flashi kabla ya kubonyeza Enter ya mwisho, cheti kinahamia humo. Nikawa na vyeti vitano. Printa sina. Jirani yangu ni dada wa stationari.

Sasa kompyuta ya yule dada, daktari wake ni mimi. Kitufe chake cha kuwashia kilikufa siku nyingi, nikamwekea kwenye BIOS, mipangilio ya kuwakia ya mashine, kwamba umeme ukirudi mashine iwake yenyewe, kwa hiyo yeye huwashia ukutani. Nilipompandishia Windows mara ya mwisho niliweka ibuti kwa USB kwanza, sikurudisha. Ni mashine ya zamani isiyo na Secure Boot, kinga ya kuzuia mfumo usiotambulika usiwake. Mpya ingeikataa ShredOS mpaka Secure Boot izimwe. Na UPS ipo, lakini betri yake ilishakufa, imebaki kuwa sehemu ya kuwekea kikombe cha chai.

Nikachomeka flashi, nikaprinti vyeti vitano, nikalipa, nikaenda kunywa supu na chapati. Flashi nikaiacha pale pale.

Umeme ukakatika. Ukarudi.

Nimerudi nimeshiba, nakuta foleni mlangoni: wanafunzi wa kuchapa kazi zao, mama wa picha za pasipoti, kijana wa barua ya maombi ya kazi. Dada wa stationari amejifunga kitenge, amesimama mbele ya kompyuta kama mlinzi wa benki.

"Fundi, karibu. Umeme uliporudi, Windows ikaanza kuji-update. Nimewakatalia wasiiguse. Nusu saa sasa, imefika asilimia kumi na tisa."

Nikatazama. Skrini ya bluu, maandishi meupe, asilimia zinapanda taratibu. Supu ikanirudi kooni.

Nilichomoa waya ukutani. Foleni nzima ikanipigia kelele kwamba naharibu kompyuta ya watu.

Palepale nikaifungua, nikatoa diski, nikaiunga kwa adapta ya USB kwenye kompyuta yangu ya Linux bila kuandika chochote juu yake. Nwipe inahesabu kuandika na kuhakiki kwa pamoja, yaani GB 500 mara mbili, kwa hiyo asilimia 19 ni kama GB 190 zilizokwisha kuandikwa. Diski hiyo niliigawa mwenyewe: C ya GB 150 mwanzoni, halafu D. Nwipe inaanza sekta ya kwanza na kusonga mbele, kwa hiyo jedwali la partisheni lilikuwa limekwenda, C nzima imekwenda, na kichwa cha D pamoja na orodha yake ya majina ya mafaili. TestDisk, programu ya kurudisha partisheni zilizopotea, haikuwa na pa kushika. Ile hotuba niliyompa mhasibu, kwamba mara moja inatosha, ikathibitika mbele ya macho yangu kuwa kweli tupu.

"Desktop yangu ipo lakini?" dada akauliza.

Desktop ilikuwa C. Na juu ya Desktop, kwa kuwa yeye ndiye katibu wa kamati ya harusi ya mdogo wake, kulikuwa na faili linaloitwa MICHANGO FINAL MPYA FINAL 3. Zilibaki wiki tatu harusi ifike. Nakala nyingine haikuwepo: mwenyekiti wa kamati alishapiga marufuku orodha kurushwa kwenye kundi la WhatsApp, akisema si utu watu kuanikana.

Jumapili kamati ikakaa, nami nikaitwa kama mshtakiwa. Hapo ndipo nilipojua kwamba kichwa cha binadamu nacho kina nwipe. Kila mtu alikumbuka alicholipa, hakuna aliyekumbuka alichoahidi. Aliyeahidi laki mbili akakumbuka elfu hamsini. Mmoja akaapa alishamaliza zamani, tena kwa noti mpya. Kwa mahesabu ya kikao kile, harusi ingefanyika kwa soda na biskuti.

Usiku huo nikaiachia PhotoRec. Hiyo haitafuti majina. Inasoma diski sekta kwa sekta na kutambua mafaili kwa vichwa vyake, kisha unayahifadhi kwenye diski nyingine, kamwe si ileile. Kwa USB 2.0, karibu saa tano. Mwanzo wa D ulikuwa filamu za Kikorea zilizotafsiriwa, ndizo zilizokufa kishujaa badala ya mengine. Nyuma yake nikapata picha za pasipoti kwa maelfu, mitihani, barua za likizo, na mafaili ya hesabu yenye majina ya namba tu. FINAL 3 halikuwemo.

Ila lilikuwemo f612408832.xlsx.

Nililifungua pale stationari, dada akiwa begani. Ni orodha ya michango ya harusi nyingine, ya 2016, iliyochapwa hapohapo na mimi nikaihamishia D wakati fulani nilipopandisha Windows. Safu tatu: JINA, AHADI, ALICHOTOA. Mstari wa nne alikuwa mwenyekiti wetu. Ahadi, 200,000. Alichotoa, 0. Na sifuri ile haikuandikwa na nwipe.

Dada hakusema neno. Aliprinti nakala moja, akaikunja, akaitia kwenye mkoba.

Sijui aliionyesha kwa nani, lakini kufikia Jumatano kumbukumbu za watu zilikuwa zimepona. Aliyekumbuka elfu hamsini akakumbuka laki mbili zote. Yule wa noti mpya alileta nyingine.

Alhamisi jioni nafunga duka, akaingia mwenyekiti amevaa koti refu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Baridi hii."

"Kali, mzee."

Akakaa. Akaulizia watoto, bei ya viazi, na kama barabara ya Uyole ina foleni. Kisha akasogeza kigoda karibu.

"Lile faili lililofufuka. Ile flashi yako ya kufutia, bado ni nzima?"

"Nzima, mzee. Ukipitisha mara moja inatosha."

Akatazama mlangoni, akateremsha sauti.

"Mhasibu kaniambia ipo ya thelathini na tano."