Haikuwa risasi, ilikuwa pistoni ya kalipa

Jamani, kabla hamjaendelea kuisambaza ile voisi ya Swahiba, eti nimepigwa risasi, kuku kafa na mimi nikalia, nisikilizeni na mimi. Kwanza, sikupigwa risasi. Pili, yule kuku ni mzima, leo asubuhi nimemkuta mlangoni kwangu ananitazama kama ananidai. Tatu, sikulia. Nilipiga kelele. Ni vitu viwili tofauti.

Toyota Celica yangu mnaijua, ile ya 1984 niliyoitoa chini ya mparachichi Uyole, mkanicheka siku inavutwa. Ndugu zake walishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo, 1984 hadi 1986. Ya kwangu ilikuwa imetagiwa mayai kwenye siti ya nyuma. Injini nilishaiamsha, shida ikabaki breki. Gurudumu la mbele kushoto limeshika kama limechomelewa, na hakuna mwenye akili anayeteremka Mlima Nyoka kwa dua peke yake.

Nikafungua kalipa, kile chuma kinachobana breki, ambacho ndani yake mafuta ya breki yanasukuma pistoni. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, sasa yaache humo miaka, na ukungu wetu huu wa Mbeya, pistoni inakula kutu hadi inang'ang'ania. Yaliyotoka yalifanana na chai ya rangi iliyolala. Nikagonga, nikabembeleza, wapi! Nikaazima upepo kwa mzee wa pancha jirani, mpira wa kompresa yake unafika mpaka uani kwetu.

Mzee akaniambia, "Kijana, weka ubao mbele ya pistoni, halafu upepo kidogo kidogo." Nikaweka. Lakini nilishamshikisha Swahiba simu arekodi, na ubao ulikuwa unaziba picha. Nikautoa. (Mnaona ujinga unavyojipanga foleni.)

Ilikuwa Jumamosi, saa 8 mchana, kikoba cha mama mwenye nyumba kimekaa uani. Akina mama kama 15 wamejifunika vitenge, sufuria la maharage liko kwenye mafiga, hatua chache kutoka nilipochuchumaa.

Nikabana kalipa kwa magoti, nikachomeka mdomo wa upepo kwenye tundu la paipu. Ssss. Kimya. Ssss. Raba ya kuzuia vumbi kwenye pistoni ikatuna kidogo, kama shavu la mtoto aliyeficha pipi. Pistoni ikachungulia, unene wa sarafu tu. Nikamwambia Swahiba, "Umeona? Huu ndio ufundi." Nikaongeza upepo, na nikainamisha uso nione vizuri.

PAAA!

Ikagonga kucha za kalipa, ikachepuka, ikapita sikioni kwangu nikausikia upepo wake, ikamgusa kuku mkia, ikatua kwenye maharage, chubwi. Mafuta yote yaliyobaki ndani yakanirukia usoni. Macho yakawaka, nikaanguka chali. Nikapapasa shavu. Majimaji mazito, yanateleza. Nikajua ni damu.

Hapa ndipo penyewe, ndugu zangu.

"Swahiba," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeondoka. "Jeki yako haikuibiwa. Niliiuza mimi. Elfu 40."

Kimya. Ningenyamaza hapo ningepona. Lakini nilitaka kwenda nikiwa mwepesi.

"Mama," nikamwita mwenye nyumba, "ule umeme unaoisha kabla ya tarehe 10... nina hita ya maji chini ya kitanda. Tangu mwezi wa 5. Nisamehe mama, ni baridi."

Mama mmoja akaanzisha pambio. Mwingine akapiga magoti kando yangu, akanifuta shavu kwa ncha ya kitenge, akakinusa. Akakinusa tena.

"Hii si damu, baba. Inanuka gereji."

Pambio likakatika katikati ya kiitikio. Swahiba bado anarekodi.

Yaliyofuata ni hayo mliyosikia: ndoo nzima ya maji machoni, mjumbe kaja mbio kuuliza nani kafyatua bunduki, maharage yakamwagwa. Mzee wa pancha alipomaliza kucheka akaniuliza kwa nini sikukanyaga pedali taratibu kabla ya kufungua paipu, maana mafuta yenyewe yangeisukuma pistoni nje, bila upepo, bila makelele. Nikajifanya macho bado yananiwasha.

Jeki nalipa kwa awamu. Hita imehamia kwa mama, na anaisifia. Kalipa ya kulia sijaigusa. Sili mpya nimeshapata, ila za nini, wakati pistoni yenyewe imeshikiliwa na mama mwenye nyumba hadi nilipe kilo 3 za maharage? Jana nimeichungulia dirishani. Haina hata mkwaruzo. Iko juu ya kabati la vyombo, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, ameichomekea vijiti vya meno.