Meli za Majira ya Baridi katika Fiodi za Kaskazini: Nani Anafaidi, Nani Anabeba Hatari?

Kwa muda mrefu utalii wa meli katika pwani ya Norway ulikuwa shughuli ya kiangazi. Meli zilikuja mwezi Mei, zikaondoka Septemba, na vijiji vya fiodi, yaani zile hori ndefu na nyembamba zilizochimbwa na barafu za kale na kisha kujazwa na bahari, vikabaki na wenyewe. Siku hizi kampuni kadhaa huuza safari katika kipindi chenyewe cha giza, kati ya Novemba na Machi, kwa meli ndogo zinazobeba mamia machache ya abiria, zenye wataalamu wa viumbe na wa miamba, pamoja na boti za mpira za kuwashusha watu kwenye visiwa visivyo na gati. Huziita safari za uvumbuzi. Wanaozitetea husema ndizo zenye adabu kuliko aina zote za utalii wa meli. Wanaozipinga husema ni anasa inayopeleka watu mahali pagumu wakati mgumu, kisha gharama ya matatizo yao ikaachiwa wenyeji. Naona pande zote mbili zina hoja, ila zinapimana kwa mizani isiyofaa. Ukubwa wa meli na idadi ya wataalamu waliomo havitoshi kutuambia kama safari hiyo ni jambo jema. Linaloamua ni kama meli inayokuja wakati wa baridi inashiriki maisha ya pwani ile au inayapita kando tu.

Kinachowavuta watu huko hakihitaji kutiwa chumvi. Mji wa Tromsø uko kaskazini mwa nyuzi 69 za latitudo, na kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Saa za adhuhuri huja na mwanga hafifu wa rangi ya buluu, kisha usiku unarudi. Hata hivyo bandari zake hazigandi, kwa kuwa mkondo wa maji yenye uvuguvugu unaotoka Atlantiki hupanda sambamba na pwani yote hadi karibu na mpaka wa Urusi. Bila mkondo huo safari hizi zisingekuwapo. Wakati huohuo makundi ya samaki aina ya heringi huingia katika fiodi za jirani ya Skjervøy, na nyangumi huwafuata, wakiwemo wale weusi wenye mabaka meupe wanaoitwa nyangumi wauaji. Ikifika Februari, samaki wanaoitwa skrei wanakuwa wameshateremka kutoka Bahari ya Barents hadi visiwa vya Lofoten kutaga mayai. Wavuvi huwapasua, huwafunga wawili wawili kwa mkia na kuwatundika juu ya fito za mbao hadi upepo wa baridi uwakaushe bila chembe ya chumvi. Ng'onda hiyo huenda Italia, na vichwa vyake husafirishwa kwa wingi hadi Nigeria, ambako ni kiungo cha mchuzi. (Mwafrika wa Lagos, kwa hiyo, ana uhusiano wa kale zaidi na Lofoten kuliko mtalii wa kawaida wa meli.) Juu ya yote hayo ipo mianga ya kaskazini, yaani mwanga wa rangi unaochezacheza angani usiku, ambayo kiangazi haionekani kwa sababu usiku hauingii.

Hoja ya watetezi ina mashiko. Tatizo kubwa la utalii wa fiodi ni msongamano wa wiki chache: Geiranger ni kijiji chenye wakazi mia mbili na kitu, na siku ya Julai kinaweza kupokea maelfu ya wageni kabla ya saa sita mchana. Mgeni anayekuja Februari hamsukumi mtu barabarani. Anampa kazi mwongozaji ambaye vinginevyo angekaa bila kipato hadi Mei, anaufanya mgahawa usifunge, na pengine anamshawishi kijana asihamie Oslo. Kwa visiwa vilivyo mbali na bara, kama Træna na Vega, jambo hili si dogo. Vega iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004 kwa sababu ya utamaduni wa pekee: wakazi wake huwajengea bata wa porini vibanda vya kutagia, huwalinda wakati wa kuatamia, kisha hukusanya manyoya laini yanayobaki kwenye viota. Utamaduni wa namna hiyo hauishi pasipo watu wanaokaa kisiwani mwaka mzima.

Watetezi huongeza kuwa kusafiri huko wakati wa baridi si jambo geni. Hili pia ni kweli, na ndipo mjadala wenyewe unapoanzia. Mwaka 1893 serikali ya Norway ilikuwa ikitafuta mtu wa kupeleka barua na mizigo kaskazini kwa meli, na kampuni kubwa zikakataa kwa kuona kuwa kusafiri gizani kati ya visiwa na miamba isiyo na taa za kutosha ni kujitafutia maangamizi. Nahodha Richard With alikubali, akiwa tayari ameshakusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za saa, dira na kasi za njia ile. Tarehe 2 Julai mwaka huo meli yake Vesteraalen ilitoka Trondheim kwenda Hammerfest, na huduma hiyo ikaendelea katika giza la majira ya baridi. Njia aliyoianzisha ipo hadi leo: meli husimama katika bandari 34 kati ya Bergen na Kirkenes, na tangu 2021 zinaendeshwa kwa mkataba na serikali na kampuni mbili, moja ikiwa na meli saba na nyingine nne.

Lakini With hakwenda gizani kwa ajili ya giza. Alikwenda kwa sababu watu wa Hammerfest walihitaji barua zao Januari kama walivyozihitaji Julai. Meli za uvumbuzi zimeazima heshima ya historia hiyo bila kuchukua wajibu wake, na tofauti hiyo huonekana wazi bahari inapochafuka. Katika pwani yetu, kusi likichacha nahodha wa jahazi hutia nanga akangoja, wala hakuna anayemwona mwoga. Lakini meli iliyouza tiketi kwa ahadi ya kufika bandari kadhaa katika siku kadhaa, huku ndege za kuwarudisha abiria zikiwa zimeshapangwa, ina sababu nyingi za kutongoja.

Mfano unaofahamika zaidi ni wa tarehe 23 Machi 2019. Meli Viking Sky, yenye watu 1,373, ilikuwa ikitoka Tromsø kwenda Stavanger katika safari iliyouzwa kwa jina la mianga ya kaskazini. Bandari ya Bodø ilikuwa imerukwa kwa sababu ya hali ya hewa, lakini meli ikaendelea kusini hadi Hustadvika, kipande cha bahari kilicho wazi, chenye maji mafupi na miamba mingi, ambacho mabaharia wa Norway hukihesabu miongoni mwa sehemu mbaya kuliko zote za pwani yao. Jenereta moja kati ya nne haikuwa ikifanya kazi. Tatu zilizobaki zilikuwa na mafuta ya kulainisha yaliyopungua chini ya kiwango kilichoshauriwa, na meli ilipoanza kuyumba kwa nguvu mafuta yakahama ndani ya matangi, pampu zikavuta hewa, na mitambo ikazimika yote. Kwa mujibu wa uchunguzi rasmi, meli ilisukumwa hadi ikabaki umbali kama wa urefu wake tu kabla ya kupanda mwamba. Watu 479 walinyanyuliwa kwa kamba na helikopta, kwa zamu, usiku kucha. Katikati ya kazi hiyo meli ya mizigo Hagland Captain nayo ikazimikiwa na injini jirani, na ikabidi baadhi ya helikopta ziwaache abiria kwanza ili ziwaokoe mabaharia wake 9. Hakuna aliyekufa.

Jambo la mabaharia hao 9 ndilo linalonishughulisha zaidi, ingawa halizungumzwi sana. Wao walikuwa kazini, katika safari ya kawaida ya mizigo inayoifanya pwani ile iendelee kuishi, na wakajikuta wakigombea helikopta zilezile na watu waliokuja kutazama anga. Uwezo wa uokoaji wa kaskazini ulipangwa kwa kuzingatia wavuvi, mizigo na mitambo ya mafuta na gesi. Meli moja ya watalii ikipata shida, uwezo huo wote humezwa kwa usiku mmoja.

Mtetezi atasema kuwa Viking Sky haikuwa meli ya uvumbuzi, bali meli ya kawaida iliyo kubwa zaidi. Ni kweli. Maud, hata hivyo, ilikuwa meli ya uvumbuzi, na tarehe 21 Desemba 2023, ikitoka Florø kuelekea Uingereza ikiwa na watu wasiofika 400, wimbi lilivunja vioo vya chumba cha usukani katika Bahari ya Kaskazini, umeme ukakatika na vyombo vya kuongozea meli vikafa. Ikabidi iendeshwe kutoka chumba cha injini hadi Bremerhaven, Ujerumani. Hapa tena hakuna aliyepoteza maisha, na ni haki kusema kuwa meli ndogo ina faida moja ambayo haina ubishi: watu 400 wanaokolewa kwa urahisi kuliko 1,400. Ila udogo haumfanyi mtu kuwa mkavu wimbi likiingia.

Sheria nazo zina mapengo ambayo mteja wa kawaida hayajui. Kanuni za kimataifa za meli zinazosafiri maeneo ya ncha za dunia zilianza kutumika mwaka 2017, lakini mpaka wa maji yanayohusika, upande wa Aktiki, umechorwa ukaiacha nje pwani yote ya bara la Norway, kwa kuwa bahari yake haigandi. Svalbard, visiwa vya Norway vilivyo mbali kaskazini mwa bara, imo; Kirkenes na Hammerfest hazimo. Mantiki yake inaeleweka, kwa sababu kanuni hizo zililenga kwanza hatari ya barafu ya baharini. Hata hivyo abiria anayeuziwa safari ya Aktiki mwezi Januari ana kila sababu ya kudhani kuwa kanuni za Aktiki zinamlinda.

Kuhusu mazingira, Norway imechukua hatua kali kuliko nchi nyingi. Mafuta mazito yamepigwa marufuku katika maji ya Svalbard tangu 2022, na tangu Januari 2025 meli inayoingia katika hifadhi za visiwa hivyo haiwezi kubeba abiria zaidi ya 200, nao hushuka katika maeneo 43 tu yaliyotengwa. Katika fiodi zilizo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, zikiwemo Geirangerfjord na Nærøyfjord, Bunge liliazimia mwaka 2018 kuwa meli za abiria zisitoe hewa chafu ifikapo 2026. Baadaye azimio hilo likagawanywa: meli za chini ya tani 10,000 za ujazo zikatakiwa kutii kuanzia 2026, kubwa kuliko hizo zikaongezewa muda hadi 2032. Maana yake ni kwamba meli nyingi ndogo zimefungiwa mlango mapema, huku zile zinazoshusha maelfu kwa siku zikipewa miaka sita zaidi. Waliofanya uamuzi huo walikuwa na sababu ya kiufundi, kwani ni rahisi zaidi kuweka betri katika meli ndogo, na Havila Castor, mojawapo ya meli za njia ya With, ilionyesha mwezi Juni 2022 kwamba inaweza kuingia Geirangerfjord kwa betri pekee. Kwangu mimi, bado ni uamuzi ulioegemea upande wenye fedha nyingi, na wauzaji wa safari za meli ndogo wana haki ya kulalamika.

Hawana haki hiyohiyo katika suala la fedha. Abiria wa safari ya uvumbuzi amelipia kitanda, chakula, mwongozaji na mara nyingi hata koti kabla hajaondoka kwao. Anaposhushwa kwa boti ya mpira kwenye kisiwa chenye familia kadhaa, akatembea saa mbili na kurudi kula chakula cha jioni melini, kilichobaki kisiwani ni kidogo sana, hata akiwa mgeni mwenye heshima kiasi gani. Mwaka 2025 Bunge la Norway lilipitisha sheria inayoziruhusu manispaa zinazolemewa na wageni kutoza hadi asilimia 3 ya bei ya malazi, na meli za kitalii nazo zimo ndani ya mpango huo. Ni mwanzo unaofaa, ila ulibuniwa kwa miji iliyojaa kama Tromsø, si kwa kisiwa kinachopokea meli mbili kwa mwezi.

Kwa sababu hizo, anayetaka kweli kuona pwani ile wakati wa baridi nitamwelekeza kwanza kwenye meli ya njia ya With. Nayo ina kasoro zake: bila watalii mapato yake yangepungua sana, vyumba vyake vina bei ya kigeni, na hulazimika kuruka bandari ikikutana na dhoruba. Lakini inaposimama usiku wa manane katika bandari ndogo, inashusha mizigo ya duka, inapakia samaki, na mwanafunzi anashuka kwenda kwao. Mtalii akiwa juu anatazama, fedha yake inasaidia kulipia huduma ambayo ingekuwapo hata kama yeye asingekuja. Meli ya uvumbuzi inaweza kuukaribia uhalali huo ikikubali mambo matatu: ratiba isiyoahidi bandari kwa siku maalumu, mchango wa moja kwa moja kwa vikosi vya uokoaji vya pwani inayoitumia, na kulala gatini usiku mmoja au miwili ili abiria wale na kununua nchi kavu. La kwanza litawagharimu zaidi ya yote, kwa kuwa ratiba ndiyo bidhaa yenyewe wanayouza.