Mji wa nani huo kwenye filamu?

Mtengeneza filamu za hali halisi anayejitegemea hana kituo cha televisheni cha kumpangia. Akiamua kuusimulia mji kwa kumbukumbu zake mwenyewe, nani wa kumzuia? Lakini wapo wanaomlaumu, na hoja yao ina uzito: mji una mamilioni ya watu, iweje tusikie sauti ya mmoja tu, tena yule mwenye kamera?

Mimi huikumbuka filamu ya News from Home, aliyoitoa Mbelgiji Chantal Akerman mwaka 1977. Tunachokiona ni mitaa na treni za chini ya ardhi za New York, zimepigwa picha taratibu, bila haraka. Tunachokisikia ni sauti yake akisoma barua za mama yake kutoka Ubelgiji: habari za nyumbani, maradhi, na lawama kwamba binti haandiki vya kutosha. Mara kelele za mji zinaifunika sauti, na maneno ya mama yanapotea. Upweke wa mgeni mjini unaonekana pale waziwazi kuliko katika mahojiano ishirini na wataalamu. Jambo la mtu mmoja, kumbe ni la wengi.

Upande wa pili nao una njia yake. Kiangazi cha 1960, Wafaransa Jean Rouch, mtengeneza filamu, na Edgar Morin, mwanasosiolojia, waliwahoji watu wa Paris kuhusu maisha yao kwa ajili ya filamu yao Chronique d'un été; barabarani wapita njia waliulizwa kama wana furaha. Kisha washiriki walioneshwa picha zao, na ubishi uliozuka, huyu akiona ukweli, yule akiona kana kwamba watu wamevuliwa nguo hadharani, ukaingizwa ndani ya filamu yenyewe. Mwenye mji akapata nafasi ya kumjibu mwenye kamera. (Ingawa mkasi wa kuhariri haukuwa mkononi mwa washiriki.)

Bado nauegemea upande wa Akerman. Anayesema “mimi” amekwisha kukuonya kwamba anaona kwa macho yake. Anayejificha nyuma ya “wananchi” hakuonyi. Ila kuna kitu kinanisumbua kila nikifika kwenye picha za ndani ya treni. Baadhi ya abiria wanageuka, wanaikazia macho kamera. Barua za mama tumezisikia. Wao hawakuulizwa neno, na treni inakwenda.