Tangi jipya likiota mwani, weka dawa kando

Karibu kila anayeanzisha tangi la samaki wa baharini hapa Dar hupitia kipindi cha kukata tamaa. Mchanga uliokuwa mweupe unageuka rangi ya kutu, kioo kinashika utando wa kahawia, na mwenye tangi anakimbilia dukani kuulizia dawa. Dawa anapewa, tena bila kuulizwa maji aliyatoa wapi. Napinga dawa hiyo kwa nguvu zangu zote. Utando ule wa kahawia hauui samaki, lakini dawa inaweza kuwaua.

Mara nyingi utando huo ni dayatomu, aina ya mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, madini ya mchanga. Silika iko kwenye mchanga mpya, iko kwenye maji ya bomba, na kwenye maji ya kisima ndiyo usiseme. Ikipungua, dayatomu nazo hupungua zenyewe ndani ya wiki chache. Wakati huohuo kuna kazi nyingine inaendelea usiyoiona: bakteria wanazaliana kwenye mawe na mchanga, kundi moja likigeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi cha samaki, kuwa nitriti na jingine likigeuza nitriti kuwa nitrati. Kazi hiyo kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Baada ya kahawia hufuata kijani, majani membamba kama nywele, maana sasa nitrati na fosfati, ambazo ni chakula cha mwani, zipo na hakuna kingine kinachozila. Hapo tangi linakomaa, wala haliumwi.

Sasa chukua tangi hilo changa ulimwagie dawa ya kuua mwani. Mwani wote unakufa kwa mpigo na kuanza kuoza, na kuoza kunakula oksijeni. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na chumba cha Dar mwezi wa Januari au Februari hakina haja ya kuelezwa. Umeme ukikatika usiku pampu inasimama. Alfajiri unakuta samaki wamejaa juu ya maji wakihema. Halafu ule mwani uliooza umerudisha majini nitrati na fosfati zilezile, kwa hiyo baada ya muda unaota tena.

Lile kamasi jekundu au la zambarau linalofunika mchanga ni jambo jingine. Hilo si mwani hasa, ni sayanobakteria, yaani aina ya bakteria, na ndiyo maana watu hushauriana kutumia erithromaisini, antibiotiki ya kutibu binadamu. Hapa nashindwa kunyamaza. Nchi inahangaika na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, nasi tunamwaga antibiotiki kwenye tangi la mapambo, kisha tukibadilisha maji tunazipeleka mtaroni! Kamasi hilo livute kwa mpira wakati wa kubadilisha maji, elekeza pampu pale maji yalipotuama, punguza chakula. Litarudi mara kadhaa kabla halijaondoka, na hilo ni la kawaida.

Kwangu mimi suala lote liko kwenye maji, na hasa maji ya kuongezea. Hapa kwetu feni inapuliza juu ya tangi ili kulipoza, na maji yanapungua kila siku. Kinachopanda hewani ni maji matupu. Chumvi inabaki, silika inabaki, fosfati inabaki. Anayefidia kwa ndoo ya maji ya bomba au ya kisima analilisha tangi madini hayo kila siku, kidogo kidogo, kisha anashangaa mwani hauishi. Kisima kilichochimbwa karibu na vyoo vya shimo kinaweza kuwa na nitrati nyingi hata kama maji yake ni maangavu. Tumia maji yaliyopita kwenye mashine ya RO, inayosukuma maji kupitia utando unaozuia madini, na, ukimudu, yakapita tena kwenye kichujio cha kuondoa madini yaliyosalia, kwa sababu RO peke yake haizuii silika yote. Maduka ya maji ya kunywa yana mashine hizo, ila uliza kwanza kama hawarudishii madini baada ya kuchuja.

Wapo wanaosema, bahari iko hapo, kwa nini tuhangaike? Nawaelewa, chumvi ya kuchanganya inatoka nje na si ya bei ya mchezo. Lakini bahari ya ufukweni Dar si bahari moja. Mto Msimbazi unamwaga karibu na Daraja la Selander baada ya kupita katikati ya jiji, na Mlalakuwa unaingilia upande wa Kawe. Wakati wa masika mito hii inashusha tope na uchafu, yaani chakula cha mwani kilicho tayari. Ukitaka maji ya bahari, yafuate kwa boti mbali na midomo ya mito, siku za ukavu, maji yakiwa yamejaa. Yachuje, kisha pima chumvi: lenga gramu 35 kwa lita, au 1.025 kwenye hidromita, kipimo cha uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu.

Taa kuwaka kwa muda wa saa 8 kwa siku kunatosha, na jua la dirishani lisiguse kioo. Chakula kiwe kile tu samaki wanachomaliza mara moja, na kamba wa barafu wasuuzwe kwanza.

Walaji wa mwani ndio msaada ninaoupenda. Kwenye matumbawe yetu kangaja, pono na tasi ndio wanaoufyeka, na wanapovuliwa kupita kiasi mwani unayafunika matumbawe. Ila kangaja anahitaji nafasi ndefu ya kuogelea, tangi la sebuleni la futi mbili ni mateso kwake. Anza na konokono wachache, tena baada ya amonia na nitriti kusoma sifuri. Na konokono hao wasitoke Mbudya, Bongoyo, Pangavini wala Fungu Yasini. Visiwa hivyo na miamba yake ni hifadhi tangu 1975, na kuokota viumbe huko kwa ajili ya sebule ni kosa hata kama hakuna askari anayekuona. Muuzaji akishindwa kukuambia alikowatoa, usinunue. Kioo unaweza kukikwangua kwa mkono wakati unaendelea kutafuta.