Mikrobe nayo inapashwa kuwa na kaye yake

Mwaka uliopita dada yangu alizaa kwa kupasuliwa hapa Bukavu, hopitali gani sitasema, na mimi njo nilikuwa nalala naye, chini, juu ya kikwembe kati ya vitanda viwili. Siku ya tano kidonda kikaanza kunuka. Wakamuwekea dawa moja, bure, wakabadilisha, nayo bure, mwisho dokta akasema usaha uende labo, na siye tukalipa mbele juu bila kulipa hakuna kitu kinatembea.

Jibu lilikuja kisha siku tatu. Kikaratasi kidogo tu: jina la mikrobe, Klebsiella, na chini yake majina ya dawa yamepangwa kama liste ya wanafunzi, kila dawa na herufi yake. S maana yake dawa inaiweza, R maana yake mikrobe imeisha kuizoea, haisikii tena. Ya dada ilikuwa R, R, R, R, R, S, R. Na ile S moja, kama kawaida, ilikuwa ya dawa ya bei kali.

Sasa mama wa kitanda cha pembeni, naye kapasuliwa, naye kidonda kimefunguka, alikuwa na kikaratasi chake mu sakoshi, akanipa nimsomee juu Kifaransa kinamshinda. Nikaviweka vyote viwili juu ya shuka. R, R, R, R, R, S, R. Mimi siko dokta, niko mwalimu wa primeri, lakini wanafunzi wawili wakikosa maswali sita yale yale na wakapata lile lile moja, najua walikaa benchi moja.

Nikamwonyesha infirmie. Akaangalia, akanyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, kila mmoja na fishi yake." Na akavirudisha, kila kimoja ndani ya fishi yake kweli.

Njo hapo kasirani yangu iko: hakuna kaye (daftari) moja inayoviweka pamoja. Tukiongea juu ya mikrobe zisizosikia dawa, sote tunakimbilia kulaumu muntu anayenunua vidonge vinne vya amoxi (dawa ya kuua mikrobe) sokoni Kadutu, anameza viwili, homa ikishuka anaweka vingine mu kabati. Ni kweli, na mimi nimefanya hivyo, sitakana. Fleming mwenyewe, aliyegundua penisilini 1928, alisema mu hotuba yake ya Nobel 1945 kwamba ukimeza kidogo unaifundisha mikrobe kupigana. Lakini ile Klebsiella dada yangu hakuinunua Kadutu. Inawezekana kabisa ilitoka kitanda hadi kitanda, kwa mikono, kwa sahani ya bandeji, kwa ile beseni ya mlangoni ambamo wote tulikuwa tunanawa maji yale yale toka asubuhi. Hii mikrobe inapenda sana fasi ya majimaji.

Najua, vikaratasi viwili vinavyofanana havitoshi kusema ni mikrobe ile ile. Angalia vile walivyohakikisha Marekani, 2011: mu hopitali ya NIH (taasisi ya afya ya serikali yao) kule Bethesda, aliingia mgonjwa mmoja na Klebsiella sugu. Wakamtenga, wakafanya yote, akatoka. Wiki tatu zimepita, mgonjwa mwingine anaonekana nayo, kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka 18. Walikufa 11, na kati yao 6 ni ile mikrobe iliwaua. Mwisho wakasoma jenomu (urithi wote ulioandikwa ndani) za zile bakteria, wakapata kwamba zote zinarudi kwa yule wa kwanza, na mikrobe wakaikuta ndani ya mifereji ya lavabo na mu mashini ya kupumulia iliyokuwa imeisha kusafishwa! Iliyosafishwa, nasema.

Nikieleza hii watu wananiambia ee mwalimu, siye tutatoa wapi mashini ya jenomu. Sawa, lakini jenomu peke yake haisemi kitu kama hujui nani alilala wapi, siku gani. Hiyo inataka kaye ya kurasa 200 na biki. Tarehe, kitanda, alipasuliwa lini, jina la mikrobe, zile R na S. Ukiwa na ordinateri ya kawaida kuko hata programu ya bure, WHONET, ilitengenezwa Boston kwa kazi hiyo hiyo na OMS (shirika la afya la dunia) inaitumia mu inchi nyingi. Lakini hata kabla ya ordinateri, kaye.

Labo njo shida ya kweli. Ili iote mu labo na ijulikane, bakteria inataka joto la nyuzi 35 hivi usiku na mchana, na mnajua kura (umeme) wetu. Na juu mgonjwa njo analipa, wanapeleka labo yule tu ambaye dawa zimemshinda, kwa hiyo kaye itakuwa inaona upande mmoja. Itakuwa imepinda, nakubali. Lakini vitanda vitatu vya chumba kimoja mu wiki moja, hata kaye iliyopinda itaonyesha.

Rafiki mmoja wa kazi za ofisi mu hopitali aliniambia ukiandika mambo kama hayo wagonjwa watakimbia. Mon cher, panda takisi Nyawera, kabla hujafika utakuwa umeambiwa ni wapi vidonda havikauki. Watu wanahesabu tayari, ila wanahesabu kwa mdomo, na mdomo unaonea hata hopitali isiyo na kosa. Na hii haiko michezo: mahesabu yaliyotoka mu The Lancet (gazeti la madaktari) 2022 yanasema bakteria sugu ziliua watu milioni 1.27 mwaka 2019 peke yake, na Afrika yetu ya kusini mwa Sahara njo iliumia zaidi.

Dada alipona, siku tisa za sindano, tuliuzisha mashini ya kushona. Yule mama wa pembeni walimtoa usiku, famiya yake haikupata pesa ya ile S. Asubuhi kitanda chake kikapanguswa na kitambaa kile kile kilichopangusa chetu, na kabla ya saa sita mwingine alikuwa amelala pale, katoka kupasuliwa. Mama yake aliniuliza kama maji ya kunawa ni yale ya mlangoni.