Pennsylvania inakata mwanzoni, si mwishoni

Mwandishi wa makala ninayoijibu hapa anasema pesa unayoweka kwenye 401(k), yaani akiba ya kustaafu inayowekwa kupitia mwajiri, haikatwi kodi ya mapato mpaka siku ya kuitoa. Hiyo ni kodi ya serikali kuu ya Marekani. Sisi tunaoishi jimbo la Pennsylvania mambo ni kinyume, na ndugu zetu wengi hawaambiwi. Juzi mke wangu kaletewa W-2 yake, ile fomu ya mwaka ya mshahara na kodi kutoka kwa mwajiri, akashtuka: kisanduku namba 1 (mshahara unaotozwa kodi na serikali kuu) dola 45,000, namba 16 (unaotozwa kodi na jimbo) dola 50,000. Akadhani mwajiri kakosea. Hajakosea. Zile 5,000 alizoweka akiba, jimbo limezikata asilimia 3.07 papo hapo, yaani dola 153.50. Faida yake ni kwamba ukishastaafu na umri umefika, jimbo haliigusi tena pesa hiyo.

Shida iko kwa anayehama. Ukistaafia jimbo linalotoza pesa inayotolewa, unaweza kulipia kodi pesa ileile mara mbili, kwa hiyo tunza W-2 zako zote, hata za miaka ishirini nyuma, ziwe ushahidi kwamba ulishakatwa. Ila tangu sheria ya 1996, jimbo ulilohama haliruhusiwi kukufuata na kodi ya pensheni yako. Ukihamia Florida, hakuna kodi ya mapato ya jimbo kabisa.